Mtu akizimia ghafla: jinsi ya kujua kama ni moyo, na ufanye nini hatua kwa hatua

Kinachoponza watu wengi ni kwamba aliyezimia kwa sababu ya moyo huwa anaamka haraka, tena anaamka mzima kabisa, anajikung'uta vumbi anasema niko poa, basi waliokuwepo wanashusha pumzi na habari inaishia hapo. Miezi inapita, siku nyingine anaanguka tena na safari hii haamki. Watu wanaanza kusimuliana "mbona hata mwaka jana alianguka vilevile", na hapo ndo inauma, maana ule mwaka jana ndo ulikuwa muda wa kumsaidia.

Kwanza elewa kinachotokea, nitaeleza kwa kifupi. Ubongo hauna akiba, damu ikikatika kufika kwa sekunde 6 hadi 10 tu fahamu zinaondoka. Mara nyingi moyo unaikata hiyo damu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwenda polepole mno au kusimama kidogo, yani umeme wa moyo unaoanzia vyumba vya juu hautoki, au unatoka lakini njia imeziba haufiki vyumba vya chini, hivyo vyumba vya chini vinaanza kujipigia vyenyewe mapigo 20 mpaka 40 kwa dakika wakati mtu aliyetulia anatakiwa awe na 60 hadi 100. Ya pili ni kwenda mbio kupita kiasi, 200 na zaidi, hapo moyo unakuwa kama pampu inayosukumwa haraka mno bila kupewa nafasi ya kujaa maji, inapiga kweli ila hakuna kinachotoka. Mbio zikianzia vyumba vya chini ndo hatari zaidi maana zinaweza kugeuka mtetemo mtupu, moyo unatetemeka haupigi, na kutoka kwenye mtetemo huo ni mpaka mashine ya kushtua moyo. Lakini zile mbio zikijikata zenyewe baada ya sekunde chache, damu inarudi, mtu anafungua macho anauliza kulikoni. Kwahiyo yule aliyeamka mzima na yule ambaye hakuamka wanaweza kuwa na tatizo lilelile, tofauti ni kwamba moyo wa mmoja ulijirudi.

Nisikutie hofu bure. Kuzimia kwingi hakutokani na moyo kabisa, kunatokana na mishipa kulegea na presha kushuka kwa muda, mtu kasimama sana kwenye joto, kaona damu, kachomwa sindano, ana njaa, kainuka ghafla. Hao wapo wengi na hawako hatarini. Kazi yako ni kuwatenganisha na wale wachache, na hiyo kazi inaanza palepale alipoanguka.

Hatua ya 1: Ameanguka mbele yako

Muite kwa sauti, mtikise mabega. Haitiki? Angalia kifua, kinapanda na kushuka kawaida? Angalia kwa sekunde zisizozidi 10, usikae hapo dakika nzima unatafuta mapigo shingoni, hata wenye ujuzi huwa wanakosea kuyapata wakiwa kwenye taharuki.

Anapumua kawaida: mlaze chali, inua miguu, legeza nguo shingoni, waambie watu wasogee nyuma, na usimkimbize kumkalisha. Watu wana tabia ya kumnyanyua mtu haraka haraka asimame wakati damu ndo kwanza inatafuta njia ya kurudi kichwani, akisimamishwa anazimia tena. Usimwagie maji mdomoni, usimwekee kijiko kwenye meno, usimpe dawa yoyote kinywani mpaka awe na akili zake timamu. Kama anapumua lakini haamki ndani ya dakika moja hivi, mgeuze ubavu na muite gari la wagonjwa.

Hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma kama mtu anayetafuta hewa: hiyo ya kukoroma inawadanganya watu sana, wanasema "anapumua anapumua" wakati moyo umeshasimama. Ichukulie kama hapumui. Mtu mmoja apige simu ya dharura, mwingine atafute mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu, na wewe uanze kukandamiza kifua saa hiyohiyo. Weka kitako cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza chini sentimita 5 hadi 6 alafu achia kifua kirudi chote, kasi iwe 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kupuliza, kandamiza mara 30 alafu puliza mara 2, kama hujafundishwa kandamiza tu usiache. Utachoka ndani ya dakika mbili, badilishaneni. Mashine ikifika iwashe, inaongea yenyewe, bandika zile pedi kwenye ngozi kavu kama picha inavyoonyesha na fuata inachosema, haitamshtua mtu asiyehitaji.

Usione kama ni kazi bure. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa, nafasi ya kupona inashuka kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Tarehe 12 Juni 2021 dunia nzima ilimuona mchezaji mpira Christian Eriksen wa Denmark akianguka uwanjani Copenhagen kwenye mechi na Finland bila kuguswa na mtu, moyo ulisimama, akakandamizwa kifua na kushtuliwa palepale kwenye nyasi, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza ligi ya Uingereza akiwa na mashine ndogo ndani ya kifua.

Jambo moja la kukumbuka: mtu ambaye moyo umesimama anaweza kutikisika mikono na miguu kwa sekunde chache mwanzoni, watu wakaona "ni kifafa huyo, mwacheni kitulie". Mtikisiko ukiisha angalia pumzi tena. Kama haipo, anza kukandamiza.

Hatua ya 2: Ameamka, sasa andika

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote na ndo inayorukwa kuliko zote. Daktari atakayemuona hakuwepo. Mgonjwa mwenyewe hakuwepo pia, maana alikuwa hana fahamu. Aliyekuwepo ni wewe. Na kumbukumbu ya watu waliopaniki inabadilika haraka, jioni hiyo tu utakuta mmoja anasema alilala chini dakika kumi mwingine anasema nusu dakika. Chukua simu, fungua sehemu ya kuandika, andika kabla hamjaanza kusimuliana.

Andika kabla ya tukio: alikuwa amesimama, amekaa, amelala? Alikuwa anakimbia, anapanda ngazi, anaogelea, amegombana na mtu, ameshtushwa na kelele? Alisema chochote kabla, moyo unaenda mbio, kifua kinabana, kichefuchefu, naona giza? Au alikuwa katikati ya sentensi akaenda chini?

Andika wakati wa tukio: alianguka kwa kulegea au kwa kukakamaa kama gogo? Rangi ilikuwaje? Kwa mtu mweusi usiangalie shavu, angalia midomo, viganja na ndani ya kope la chini. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Alitikisika? Mtikisiko ulianza kabla ya kuanguka au baada, na ulikuwa wa sekunde ngapi?

Andika baada: alichukua muda gani kujitambua, alijua yuko wapi na wewe ni nani, au alikuwa anazubaa na kuongea vitu visivyoeleweka? Aliumia wapi?

Mfano wa maelezo yenye faida ni kama haya: "Saa 1 na robo jioni. Alikuwa anapanda ngazi ya pili na begi mkononi, anaongea na mimi. Akanyamaza, hakusema anajisikia vibaya. Akaenda mbele uso ukagonga ngazi, hakutanguliza mikono. Midomo ilikuwa imepauka sana. Baada ya kama sekunde 5 mikono ikatikisika mara tatu nne. Akafungua macho kabla sijamaliza kumpigia kaka yake, uso ukawa mwekundu na joto, akaniuliza mbona niko chini. Alinijua." Daktari wa moyo akisoma hayo anainuka kwenye kiti. Hakuna dalili ya kumtahadharisha, alikuwa kwenye juhudi, hakuweza kujikinga na mikono, aliamka upesi, rangi ikarudi kwa ghafla. Linganisha na "alianguka tu daktari, tukamwagia maji akaamka".

Na kama kuna mtu alirekodi video kwa simu, najua tunawakasirikia watu wanaorekodi mwenzao akiwa chini, ila muombe hiyo video kabla hajaondoka na mzuie asiirushe mtandaoni. Kliniki itasaidia sana.

Hatua ya 3: Chuja, ni ile ya kawaida au ni ya moyo?

Ile ya kawaida mara nyingi inabisha hodi. Mtu anasikia joto, jasho jembamba, kichefuchefu, miayo, masikio yanavuma, macho yanaingia giza pole pole, na mara nyingi alikuwa amesimama muda mrefu au kuna kitu kilimshtua kama damu au maumivu. Akiamka anajisikia mchovu na tumbo halijatulia kwa muda.

Ya moyo haibishi hodi, au inabisha sekunde mbili tatu tu. Peleka hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho, kama kuna hata moja kati ya haya:

- alizimia katikati ya mazoezi, kukimbia, kuogelea au kazi nzito (katikati, maana kuzimia baada ya kusimama kupumzika mara nyingi ni ile ya kawaida, ingawa bado ipimwe)
- alizimia akiwa amelala au amekaa
- moyo ulienda mbio au kurukaruka ghafla kabla ya kuzimia
- kifua kilibana au pumzi ilikata
- ana ugonjwa wa moyo unaojulikana, aliwahi kupata shambulio la moyo, valvu mbovu, moyo uliotanuka, au ana mashine ya moyo kifuani
- ni mjamzito wa mwezi wa mwisho au amejifungua miezi michache iliyopita na anavimba miguu au anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi
- aliumia vibaya kwa sababu hakupata onyo lolote
- kwenye ukoo kuna mtu alikufa ghafla kabla ya miaka 40 au 50 na hakuna aliyejua kwanini
- mapigo yake hata baada ya kuamka yako chini ya 40 au juu ya 150

Hayo mapigo unaweza kuyahesabu mwenyewe. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, usitumie dole gumba, weka kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa chini ya dole gumba lake, hesabu sekunde 30 zidisha mara mbili. Sikiliza pia kama yanakuja kwa mpangilio au yanarukaruka.

Kuna vichocheo vichache ambavyo daktari asiye wa moyo anaweza asiviulize, kwahiyo viseme wewe. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao ambapo moyo unachelewa kujichaji baada ya kila pigo, unaitwa QT ndefu. Wenye aina moja wanazimia wakikimbia na hasa wakiogelea, wenye aina nyingine wanazimia kwa mlio wa ghafla kama alamu ya asubuhi au simu, na wapo wanaopata shida usingizini. Ugonjwa mwingine wa umeme wa moyo ni sindromu ya Brugada, iliyoelezwa mwaka 1992 na ndugu wawili Wahispania, Pedro na Josep Brugada, mwenye nao homa kali inamchokoza na mara nyingi balaa linamkuta amepumzika au amelala, kwahiyo mwenye Brugada homa yake haisubiriwi, inashushwa mara moja.

Hatua ya 4: Kama kaambiwa ana kifafa lakini dawa hazisaidii

Hapa nitakaa kidogo maana kuna watoto na vijana wanameza dawa za kifafa miaka na miaka kumbe shida iko kifuani. Ubongo ukikosa damu unaweza kutikisa mwili, hiyo haina maana ni kifafa. Kinachosaidia kutofautisha: kwenye kuzimia kwa moyo mtu anaanguka kwanza ndo anatikisika, mtikisiko ni mfupi, mara nyingi haufiki sekunde 15, hauna mpangilio, na akiamka anajielewa haraka. Kwenye kifafa cha mwili mzima kukakamaa na kuanguka vinakwenda pamoja, kutikisika kunafika dakika moja au zaidi kwa mpangilio, ulimi unang'atwa pembeni, na baada ya hapo mtu anakuwa kachanganyikiwa au analala fofofo kwa muda. Kujikojolea hakutofautishi, kunatokea kote kote.

Mtoto anayezimia akiwa anakimbia, akicheza kwenye maji, au akishtuliwa, anahitaji ECG, yani kipimo cha umeme wa moyo, hata kama alishaambiwa ni kifafa. Na mtoto aliyezaliwa kiziwi alafu anazimia apimwe ECG bila mjadala, kuna aina ya QT ndefu inayokuja pamoja na uziwi tangu kuzaliwa, ilielezwa tangu 1957 na bado inapitwa.

Hatua ya 5: Kusanya dawa zote

Zote. Za presha, za kisukari, za kununua bila cheti, za kupunguza uzito, za mitishamba, hata zile alizomaliza wiki iliyopita. Weka kwenye mfuko uende nazo, au piga picha maboksi.

Sababu ni kwamba dawa nyingi za kawaida kabisa zinaweza kuvuruga umeme wa moyo kwa mtu mwenye udhaifu. Zipo zinazorefusha QT: kwinini na klorokwini, haidroksiklorokwini, erithromaisini, klarithromaisini, azithromaisini, moksifloksasini, flukonazoli ya fangasi, domperidoni na ondansetroni za kutapika, haloperidoli, sitalopramu, methadoni. Peke yake kwa mtu mzima wa afya mara nyingi haina neno, tatizo linakuja zikikutana mbili tatu, au mtu ametapika na kuharisha mpaka potasiamu imeshuka, au anatumia dawa ya kukojoza kama furosemaidi inayoishusha hiyo potasiamu taratibu. Upande wa pili zipo zinazopunguza kasi ya moyo, bisoprololi, atenololi, propranololi, verapamili, digoksini, na mzee anayemeza mbili kati ya hizo huku figo zimechoka anaweza kuanguka bafuni asubuhi moyo unapiga 32.

Usimwachishe dawa kwa kichwa chako. Kuacha ghafla dawa ya moyo kuna hatari yake. Peleka orodha, uliza swali la moja kwa moja: kuna yoyote hapa inaweza kumzimisha?

Hatua ya 6: Hospitali, omba nini

Madaktari wa moyo wa Ulaya kwenye mwongozo wao wa 2018 wa kuzimia wanaanza na vitu vitatu: maelezo ya tukio, kupima mwili pamoja na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na ECG. Hivyo vitatu havihitaji hospitali kubwa. Presha ya kusimama ipimwe mpaka dakika 3, ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, hapo kuzimia kwa kuinuka kunaeleweka.

ECG haiumi, wanabandika vijipedi 10, vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, mtu analala kimya na karatasi inatoka. Usiondoke bila nakala. Hata picha ya simu inatosha ila ipige karatasi yote iwe imenyooka, isiwe na kivuli, jina na tarehe vionekane. Uliza haya kwa upole lakini uliza: mapigo ni mangapi? Kuna njia ya umeme iliyoziba? QT yake, yani muda wa moyo kupiga na kujichaji, iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo ni ngapi? (ikifika milisekunde 500 hiyo ni hatari ya kweli) Kuna dalili ya njia ya umeme ya ziada, au ya Brugada, au ya misuli ya moyo iliyonenepa?

Damu wapime potasiamu, magneziamu na wingi wa damu, sukari pia. Kipimo cha eko, yani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kifanyike kama kuna wasiwasi wowote wa moyo, maana moyo uliotanuka, wenye kovu la shambulio la zamani au misuli minene ndo shamba la zile mbio za vyumba vya chini. Mchezaji mpira Marc-Vivien Foé wa Kamerun aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa, kijana wa miaka 28 aliyekuwa anaonekana fiti kuliko wote.

Watu wengi wanakimbizwa kwenye picha ya kichwa. Kama hakugonga kichwa, hana upande wa mwili uliolegea, hana shida ya kuongea, picha ya kichwa mara nyingi haitaonyesha sababu ya kuzimia, na hela iliyolipiwa hapo ingetosha kipimo cha moyo.

Hatua ya 7: ECG imetoka safi, usirudi nyumbani ukalala

Karatasi ya ECG ya kawaida inashika kama sekunde 10 tu. Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Umeona mapigo kumi na kitu kati ya laki moja, tena ukiwa umelala kitandani umetulia, wakati tatizo linakuja mara moja kwa mwezi ukiwa unakimbia. Kwahiyo ECG ikiwa mbaya inasema mengi, ikiwa safi inasema kidogo, na kama maelezo yako ya hatua ya 2 yananuka moyo, yasikubali kufutwa na karatasi moja safi.

Kinachofuata kinategemea anazimia mara ngapi. Anapata dalili kila siku au kila siku mbili: Holta, kile kimashine cha kuvaa masaa 24 hadi 48, au zaidi ya hapo kikiwepo. Andika saa kamili ya kila dalili, Holta bila daftari la saa ni nusu kipimo. Dalili zinakuja wakati wa juhudi: kipimo cha kukimbia kwenye mashine, kikifanyika mbele ya watu wenye vifaa vya kuokoa. Anazimia mara mbili kwa mwaka: Holta ya siku moja karibu haina maana, hapo kuna kimashine kidogo cha kupandikiza chini ya ngozi ya kifua kinachorekodi mpaka miaka kama mitatu. Na wenye kovu kwenye moyo wanaweza kupelekwa kupimwa umeme wa moyo kwa ndani kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Saa za mkononi zinazopima mapigo zinaweza kusaidia kushika mbio za moyo ukiwa na akili zako, lakini zisikutulize, mtu anayezimia hana muda wa kubonyeza saa.

Hatua ya 8: Wakati unasubiri majibu

Haendeshi gari wala pikipiki. Hapandi juu ya ngazi wala paa. Haogelei. Anaoga amekaa na mlango haujafungwa kwa ndani. Michezo na kazi za kukata pumzi zinasimama mpaka daktari aseme. Asilale nyumba peke yake kama inawezekana, na wanaokaa naye wajifunze kukandamiza kifua, nusu saa ya mafunzo inatosha. Akitapika au kuharisha sana aende akapimwe potasiamu mapema. Akisikia dalili, akae au alale chini hapohapo alipo, hata kama ni katikati ya watu, aibu ya kukaa chini inaisha ila fuvu lililogonga sakafu ni habari nyingine.

Hatua ya 9: Matibabu, ili usiogope ukisikia majina

Moyo unaoenda polepole au unaosimama unawekewa pesimeka, betri ndogo chini ya ngozi karibu na bega ambayo inasubiri, pigo likichelewa inalitoa. Mtu wa kwanza kupandikizwa ni Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku moja, na ni mke wake Else-Marie aliyewaganda daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Mashine ya kwanza haikumaliza hata siku. Waliendelea kubadilisha, na Larsson aliishi mpaka 2001, akafa na miaka 86, kwa kansa.

Mbio hatari za vyumba vya chini zinawekewa mashine ndogo ya kushtua ya ndani, ya kwanza iliwekwa Marekani mwaka 1980 na kundi la daktari Michel Mirowski. Ikishtua mara moja na mtu yuko vizuri, mpigie daktari wako siku hiyo. Ikishtua mara mbili au zaidi, au mtu hajisikii vizuri, ni dharura. Simu iwe mbali nayo sentimita 15 hivi, isikae mfuko wa kifuani, na kadi ya mashine atembee nayo.

Njia za umeme za ziada mara nyingi zinachomwa kwa waya maalum na mtu anapona kabisa. QT ndefu inatibiwa kwa dawa kama propranololi au nadololi, kila siku bila kuruka, na kuepuka ile orodha ya dawa za hatua ya 5. Na kama shida ilikuwa dawa au potasiamu, inaondolewa, inarekebishwa, basi.

Hatua ya 10: Ndugu wa damu

Ikionekana ni QT ndefu, Brugada, misuli minene ya moyo au kitu chochote cha kurithi, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wote wapimwe ECG hata kama hakuna aliyewahi kuzimia, wengine na eko juu yake. Ndugu ambaye ECG yake ni safi asiondoke bila kuuliza kama anatakiwa kurudia na baada ya muda gani, hasa watoto, maana baadhi ya haya magonjwa yanajitokeza wakikua. Nendeni na nakala ya ECG ya yule wa kwanza aliyegundulika, daktari atataka kuziweka mezani pamoja azilinganishe.